Saa Mbili ya Wapi?

Sisi ni watoto wawili wa nyumba moja, na wote tunasoma hapa Lubumbashi. Tunataka kuwaelezea hesabu moja tuliyoikosa, si darasani, lakini nyumbani, mbele ya kitanda cha papa.

Papa alikuwa mgonjwa sana. Kila siku alimwuliza yaya yetu mkubwa, anayetumika Kinshasa. Tulichanga, na wajomba vilevile, mpaka pesa ya tikiti ikapatikana. Yaya akapiga simu: «Ndege inaruka kesho saa mbili ya asubuhi (8 h).»

Mara moja tukakamata karta na lati ya kupimia. Toka Kinshasa mpaka Lubumbashi, kwa mstari ulionyoka, tulipata karibu kilometa 1570. Ndege kubwa inakwenda karibu kilometa 800 kwa saa moja. Basi ni saa mbili, na robo juu ya kupanda na kushuka. Tukamwambia papa: «Saa ine na robo yaya atakuwa Luano.» Tulijisifu kweli.

Saa ine na robo ikapita. Saa ine na nusu, kimya. Papa alikuwa anaangalia mlango tu. Saa tano mama akaanza kulia polepole, na sisi tukaogopa hata kutaja neno ndege. Ndipo papa akauliza: «Saa mbili ya wapi?»

Papa alitumika miaka mingi kwenye gari la moshi, hii alijua. Inchi yetu inafuata saa za namna mbili. Kinshasa, Kongo-Central, Bandundu na Equateur wako nyuma. Katanga, Kasai, Kivu na upande wa Kisangani tunatangulia kwa saa moja. Kule ikiwa saa mbili, hapa iko saa tatu. Jua lenyewe linatofautiana karibu dakika 49, maana kati ya miji hii kuna digri 12 za longitude na zaidi kidogo, na kila digri ni dakika 4. Serikali imeifanya saa nzima. Mambo haya tulijifunza darasani, na pointi tulipata!

Ndege ilitua saa tano na robo. Yaya alipoingia, papa alicheka, kisha akatusimulia safari ya zamani: gari la moshi kupita Kamina na Kananga mpaka Ilebo, ambako reli ilifika mwaka 1928, halafu meli juu ya mto Kasai mpaka Kwamouth, pale unapoingia mto Kongo, na kushuka mpaka Kinshasa. Siku nyingi sana. Dakika, hapana mutu aliyezihesabu.

Kisha siku ine yaya alirudi. Aliondoka Luano saa sita, akafika N'djili saa saba na robo ya kule. Ukiangalia saa za ukutani tu, utazani ndege imekimbia mara mbili. Safari hii tulihesabu vizuri.

Papa alifariki mwezi uliofuata. Ndege zilikuwa zinaruka, njia ni ileile ya saa mbili na robo, lakini pesa ya tikiti ya pili ilikosekana. Yaya alifuata maziko kwa simu. Tulimwambia: saa nane ya hapa, kwako saa saba.