Kibudu Hakipiti Machinjioni

Mwishoni mwa 2015 ng'ombe mmoja alikufa ghafla shambani karibu na Westbury, Wiltshire, huku Uingereza ninakoishi. Hakuna aliyemgusa kwa kisu. Hapa mnyama akifa ghafla bila sababu kujulikana, sheria inamtaka mwenye mali atoe taarifa, na daktari wa mifugo huja kwanza kuchukua damu. Kilikuwa kimeta, cha kwanza nchini tangu 2006. Mzoga ukateketezwa, na magazeti yakahamia mambo mengine.

Sasa mfikirie ng'ombe huyo ni maksai wa Ufipa kwetu Tanzania, kijiji kimojawapo kati ya Laela na Kaengesa, mvua za kwanza zimeshanyesha. Kakutwa asubuhi amelala chali, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani, na miguu haijakakamaa. Saa nne keshachunwa. Nyama ya kibudu inauzwa kwa bei ya kutupa, na wanunuzi hawakosekani. Nami simlaumu mwenyewe: maksai ni jembe na ni ada ya mtoto, utamwambiaje achimbe shimo refu amfukie mzima na chokaa juu? Lakini kisu kile ndicho kiini cha balaa. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miongo kadhaa, zikingoja ng'ombe wengine waje kuchunga hapo.

Sheria tunayo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 inataka taarifa itolewe. Kimeta kimo katika magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, chuo kikuu cha SUA, Morogoro, wametengeneza AfyaData, programu ya kuripoti magonjwa kwa simu, na Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya watu na ya wanyama. Huko juu hatujambo.

Wala Waingereza si malaika. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliwagharimu mifugo zaidi ya milioni 6. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mfuga nguruwe wa Heddon-on-the-Wall, kaskazini mwa England, ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa kutotoa taarifa. Aliyepiga kengele alikuwa daktari wa mifugo kwenye machinjio ya Essex, mamia ya kilomita kusini, aliyeona malengelenge kwenye nguruwe. Hakuwa na nguruwe wa kupoteza. Alikuwa na mshahara na namba ya kupiga.

Kwetu naye yupo, mkaguzi wa nyama na mhuri wake. Tatizo ni kwamba kibudu hakipiti machinjioni. Kinatoka zizini hadi kwenye sufuria, na bwana mifugo wa kata anasikia wiki ya pili, tena kilabuni.

Anayekutana na kibudu kwa hakika ni nesi wa zahanati. Mtu anakuja na kidonda mkononi, cheusi katikati, kimevimba pembeni, wala hakiumi. Anapewa dawa, anaandikwa kwenye daftari, anaondoka. Swali la "ulichuna nini juzi?" mara nyingi haliulizwi, na likiulizwa jibu linabaki humohumo daftarini. Mimi ningeanzia hapo: simu moja kutoka zahanati kwenda kwa bwana mifugo, siku hiyohiyo. Na huyo bwana mifugo awe na mafuta kwenye pikipiki, maana kutoka Laela hadi vijiji vya pembeni wakati wa masika si mwendo wa miguu.