Njia ya Kisumu na Sufuria ya Migosi

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na kwa ahali yenye wazee na watoto swali la kwanza njiani huwa ni la chungu: nani amepika, na nyama imechinjwa na nani? Mahamri na mbaazi za nyumbani zilitufikisha Voi, na sala tukazipunguza kwa ruhusa ya msafiri.

Kituo tunachokisifia ni Makindu. Kando ya barabara pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, wakati wengi wao walipokuwa wafanyakazi wa reli. Hulisha kila mpita njia bila malipo wala kumwuliza dini yake. Chakula ni dengu, chapati na chai. Nyama haiingii katika jiko lile. Vua viatu, funika kichwa, ule ushibe.

Tulilala Nairobi, kisha tukaenda mbio. Nakuru tuliswali, Kericho tukanywa chai huku majani yake yametuzunguka pande zote, Ahero tukapita mashamba ya mpunga, na watoto wakaanza kuulizia ziwa.

Migosi, mtaa wa makazi jirani na Kondele, si mahali pa watalii. Sisi tulikwenda kwa kuwa binti yetu ameolewa huko, na mamaake, ambaye posa ile hakuiridhia kwa moyo mmoja, kwa miaka mitatu alikuwa hajakanyaga mlango wake. Mume ni Mwislamu, mzazi wake si Mwislamu. Ndiye aliyetupikia: ngege wa mchuzi, ugali, na mnavu uliolazwa katika maziwa. Tulipomshukuru alisema, "Nilijua kuku angewatia mashaka. Samaki hachinjwi." Sufuria nayo ilikuwa mpya, kibandiko cha dukani kilikuwa hakijabanduka.

Mamaake binti yetu alikuwa ametuambia tangu Mariakani kwamba samaki wa maji matamu hunuka tope. Alimla upande mmoja, akamgeuza, akamla wa pili.

Kesho yake wakwe hao wawili walitutangulia Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji, penye mafunjo marefu kuliko mtu. Hapo utamwona sangara, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 akawala samaki wengi wa asili, na omena wakianikwa juani. Nenda asubuhi, mashua zinaporudi.

Mwenye siku ya ziada na afike Kit Mikayi, majabali yaliyobebana katika njia ya Bondo. Jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke mkubwa, na maelezo ya jina hilo yaliwachekesha wanawake wetu hadi tukaachwa nje ya mazungumzo.

Tulirudi na kilo mbili za omena. Mamaake binti yetu amekwisha kuzipika mara mbili, kwa nazi.