Reli Iliyong'olewa

Hapa Bonga gari moshi halipiti. Tunaona malori na mabasi tu, yakitoka Babati kwenda Kondoa na Dodoma. Anayetaka kuona reli lazima asafiri. Aende kaskazini mpaka Arusha, au kusini mpaka Dodoma.

Siku moja katika darasa la kisomo tulisoma neno "reli". Mama mmoja, mkulima wa mbaazi, aliniuliza, "Mwalimu, reli ikishawekwa, yaweza kuondolewa?" Wenzake wakacheka. Waliona ni sawa na kuuliza kama mlima Kwaraa waweza kuondolewa.

Mimi sikucheka. Nimepaona mahali ilipoondolewa.

Mahali penyewe ni Nachingwea, mkoa wa Lindi. Nilifanya kazi huko nilipomaliza mafunzo yangu ya cheti. Niliona tuta refu la udongo, limenyooka, limeota majani. Nilidhani ni barabara ya zamani. Wanafunzi wangu wakaniambia, "Hiyo ni reli." Nikatafuta chuma, sikuona hata kipande.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakati ule nchi yetu, Tanganyika, ilitawaliwa na Waingereza. Wakaamua kulima karanga hapa, zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947. Walichagua sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa unaijua, iko mbele ya Dodoma. Lakini upande wa Nachingwea ndiko walikotaka kulima eneo kubwa kuliko kote.

Je, karanga nyingi hivyo zingefikaje baharini? Ndipo wakajenga reli. Walianzia Mkwaya, karibu na Lindi. Mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea. Tena wakaanza kujenga bandari yenye kina kirefu Mtwara, ili meli kubwa ziweze kutia nanga.

Tazama hapo, ndugu yangu. Reli imefika. Bandari inajengwa. Karanga ziko wapi?

Karanga hazikupatikana. Kung'oa miti na visiki kulikuwa kazi ngumu. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, yakaharibika. Kule Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Wagogo waliijua ardhi ile tangu zamani. Nadhani kama wangeulizwa na kusikilizwa, fedha nyingi zingeokolewa. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule. Paundi karibu milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Toa 1951, utapata miaka 3 tangu karanga ziachwe! Reli nayo ilifikishwa Mtwara. Ikawa reli ya zaidi ya kilomita 200 inayotafuta mzigo.

Hata hivyo watu wa kusini waliitumia. Mwanafunzi wangu mmoja kule Nachingwea alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Utotoni mwake mama yake aliuza mihogo ya kuchemsha stesheni. Baba yake alipeleka magunia ya korosho. Mtu alipima, akaandika, akampa karatasi. Baba hakujua kusoma. Aliitia karatasi mfukoni na kurudi nyumbani. Mzee yule alipoanza kisomo aliniambia, "Mwalimu, nianzishie tarakimu. Herufi zitafuata."

Lakini korosho huvunwa miezi michache tu ya mwaka. Miezi mingine mabehewa yalikwenda karibu matupu. Treni haijali. Iwe na mzigo au haina, mafuta yanaungua na wafanyakazi wanalipwa. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, nayo lazima yabadilishwe.

Tulipata Uhuru Desemba 1961. Mwaka 1962 reli ile ikafungwa. Baadaye vyuma vikang'olewa. Korosho zikategemea malori, na barabara za udongo mvua ikinyesha unazijua.

Mimi nilimwambia mzee kwamba serikali ilikuwa changa, haikuwa na fedha za kulipia hasara. Hakukubali. Tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Alisema, "Zilizoshindwa ni karanga za Waingereza. Korosho zetu zilishindwa lini? Mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inakua."

Baadaye nilitafuta hesabu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na nyingi zilitoka kusini. Reli ilikuwa imefungwa miaka zaidi ya 10. Sikuwa na jibu la kumpa mzee, na bado sina.

Nilipomaliza kueleza habari hizi hapa Bonga, hakuna aliyecheka. Yule mama wa mbaazi akasema, "Mwaka 2017 mimi nilikuwa na magunia 8 ndani. Lori lilikuwapo. Mnunuzi hakuwapo." Ni kweli. Mwaka ule India, mnunuzi wetu mkubwa, iliwekea mipaka mbaazi za kutoka nje, na bei ikaanguka. Aprili mwaka uliofuata barabara ya lami ya Dodoma mpaka Babati ikazinduliwa.

Nikaandika ubaoni maneno matatu: mzigo, njia, mnunuzi. Kila mmoja aliyanakili katika daftari lake. Mama akaomba kipindi kijacho tusome risiti ya mzani. Anayo nyumbani, alisema, ya tangu mwaka ule, na ataileta.