Mtalii, Umefika Muthurwa?

Mgeni wako akija Nairobi humpeleka wapi? Bila shaka mbugani kutazama simba. Safari hii mpeleke Muthurwa, tena kwa miguu.

Anzeni stesheni ya reli. Fuateni barabara ya Haile Selassie, mpite bustani ya ukumbusho wa waliouawa na bomu la Agosti 7, 1998, na punde mtasikia makanga wakiita abiria wa Eastlands. Soko hili lilifunguliwa mwaka 2008 ili kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji. Mtakuta mitumba, sufuria, sukuma wiki na nyanya za mafungu. Mikoba ishikeni mbele, na mwenye mkokoteni akipiga kelele, mpisheni upesi!

Lakini msiishie sokoni. Ni hapa Muthurwa ambapo shirika la reli liliwajengea wafanyakazi wake nyumba enzi za ukoloni. Mwaka 2010 nyumba zilianza kubomolewa. Wapangaji, wakiwemo wastaafu wa reli, walikwenda kortini, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya makao ilikuwa imekiukwa.

Mkikutana na mzee wa reli, mnunulieni chai. Simba atamwonyesha mgeni wako meno. Mzee huyu atamweleza ni nani aliyelijenga jiji.