Ni mimi niliyebadilisha mashine

Nilimwambia kijana mmoja kwamba amevuruga kazi, na haikuwa kweli. Nilisema hivyo mbele ya bosi wetu, Alhamisi moja ya Novemba 2021, huku nikijua jambo ambalo wao hawakulijua: Jumanne usiku nilikuwa nimeuhamisha mfumo endeshi wa laptopu yangu kwenda toleo ambalo bado linatengenezwa.

Natumia Debian. Debian 11, iitwayo bullseye, ilikuwa imetolewa Agosti mwaka huohuo, imetulia, na sikuwa na sababu ya kuiacha ila tamaa ya kompaila mpya, ile programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa. Nikafungua faili la vyanzo vya vifurushi, nikafuta neno bullseye, nikaandika sid, nikaamuru mfumo ujipandishe, nikalala. Sid ndilo tawi la Debian lisilotulia. Lilipewa jina la yule mtoto wa filamu ya Toy Story anayevunja midoli. Nimewahi kuwakanya watu kwa mdomo wangu mwenyewe: mashine ya kazi usiipeleke huko wiki ya kukabidhi kazi. Hiyo ilikuwa wiki ya kukabidhi kazi.

Programu yetu iliandikwa kwa C, ya kupokea usomaji wa mita za maji. Ilikuwa inasoma rekodi mia kadhaa halafu inakatika ghafla. Kijana ninayemsema alikuwa na sisi kwa miezi minne. Ndiye aliyeandika sehemu ya kupokea usomaji, na ndiye aliyepanga upya Makefile, yaani maagizo ya namna ya kuijenga programu.

Alhamisi asubuhi niliiendesha programu ndani ya diibaga, ile GDB ninayoitumia kila siku kuchungulia programu ikiwa inakwenda. Nikakuta giza. Ilinipa majina ya vitendakazi tu. Namba za mistari hazikuwepo, thamani za vigezo hazikuwepo, na pale nilipoagiza isimame, ilipita kama haikusikia.

Mtu asiyeifanya kazi hii ajue kwamba diibaga haioni chochote kwa macho yake yenyewe. Ukitaka programu isimame mahali fulani, kwenye prosesa za kawaida za laptopu diibaga huondoa baiti moja ya amri iliyopo na kuweka nyingine, 0xCC. Prosesa ikiikanyaga hiyo, kiini cha mfumo huisimamisha programu na kuiarifu diibaga. Lakini ili ijue mstari wa 212 wa msimbo wako umeangukia wapi kwenye kumbukumbu, lazima isome ramani iliyochorwa na kompaila. Ramani hiyo huandikwa kwa muundo uitwao DWARF, na muundo huo nao una matoleo. Mchoraji na msomaji wasipoelewana, ramani ipo lakini ni sawa na karatasi tupu.

Mimi nilihukumu kwamba ramani haipo kabisa. Nikasema kijana, kwenye ile Makefile yake, ameiondoa amri ya kuiweka. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa nini hatujamaliza, nikamjibu hivyohivyo, na jina la kijana nikalitaja.

Alijitetea kwa adabu. "Kaka, kwangu inaonyesha kila kitu." Sikutaka kusikia. Nilimwagiza aijenge upya, akaijenga. Nikamwambia aanze na folda tupu, akaanza. Saa tatu usiku alinitumia ujumbe kutoka nyumbani: "Samahani kaka, kuna kitu umebadilisha kwenye mashine yako?"

Nikaandika: "Hapana."

Hilo ndilo ninaloliungama hapa. Mengine ni uzembe, na uzembe huwapata watu. Lakini neno lile nililiandika nikiwa nakumbuka Jumanne vizuri. Niliogopa kuonekana mtu mzima aliyecheza na mashine ya kazi, nikaona afadhali mwenye miezi minne aonekane hajui.

Alfajiri ya Ijumaa usingizi ulinikataa. Nilifungua kijiskripti ninachokitumia kuiita diibaga, na mwishoni mwa mstari nikaona maneno niliyoyaweka mwenyewe zamani, ya kutupa ujumbe wote wa makosa kwenye /dev/null. Nikayafuta, nikaendesha tena. Diibaga ikasema wazi: toleo la DWARF ni la 5, linalotakiwa ni la 2, 3 au 4. Maneno hayo ilikuwa ikiyasema tangu Alhamisi asubuhi, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Kompaila mpya niliyoitamani, GCC 11, huchora ramani kwa DWARF 5 bila kuambiwa; ile iliyotangulia ilikuwa ikitumia ya 4. Na diibaga yangu haikuwa ya Debian hata kidogo. Ilikuwa GDB 7.12, niliyoijenga kwa mkono wangu mwaka 2017 nikaiweka /usr/local, mahali ambapo terminali hutafuta kwanza kabla ya kwenda /usr/bin. Kupandisha mfumo hakuigusi. Diibaga mpya ilikuwa imekaa pembeni, nzima, haijaitwa hata mara moja. Nilipoiita kwa njia yake kamili, mistari ikaonekana, vigezo vikaonekana, na Makefile ya kijana haikuwa na kasoro yoyote.

Hitilafu ya programu tuliipata ndani ya dakika kumi. Alikuwa ametenga nafasi ya herufi 16 kwa namba ya mita, kumbe aina moja ya mita ina namba ya herufi 20. Ndiyo, hilo lilikuwa kosa lake, na nakiri kwamba kwa muda nilifurahi. Nilifikiri: basi, sina haja ya kusema lolote, mkosaji amepatikana.

Nilikaa na wazo hilo hadi Jumatatu. Kisha nikamwandikia bosi siku niliyopandisha mfumo, amri nilizoandika, na kwamba kijana aliniuliza nikamdanganya. Nakala nikampelekea kijana.

Alikuja mezani kwangu, simu mkononi, ule ujumbe wa saa tatu umefunguliwa. Akauliza kwa upole, "Kaka, nilipokuuliza, ulikuwa umesahau?"

Nikamwambia sikuwa nimesahau.