Iulize Kwanza Kompyuta

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazazi wetu, napenda kuwaelezeni jambo nililojifunza muhula huu katika chumba chetu cha kompyuta. Kompyuta zetu ni za zamani, nazo hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mfumo huo hupatikana bure, na kwa shule yenye fedha kidogo hiyo ni neema.

Muhula ulipoanza, kompyuta sita zilikataa kushika mtandao usio na waya. Wengi walisema zimekufa, na ikasemekana kwamba wazazi watatakiwa kutoa mchango ili zinunuliwe kadi mpya. Habari hiyo ilinihuzunisha, kwa kuwa kwetu tunasoma watoto watano, na madaftari yetu hupatikana kwa taabu. Basi nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuzichunguza. Alikubali, akaketi pamoja nami.

Yafaa kujua kwamba kila kifaa cha kompyuta huhitaji programu ya kukiendesha, iitwayo draiva. Kifaa bila draiva ni kama gari bila dereva: injini ni nzima, lakini haliondoki mahali pake. Katika Linux draiva nyingi huja pamoja na kiini cha mfumo. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kama ipo, na kama imekishika kifaa chake.

Tuliandika amri ya lspci -k. Amri hiyo hutaja vifaa vilivyomo, na chini ya kifaa chenye draiva huandika "Kernel driver in use", yaani draiva inayotumika. Mstari huo ukikosekana, kifaa hakina wa kukiendesha. Vifaa vya USB huulizwa kwa lsusb -t.

Kompyuta tano zilijibu namna moja: kadi inaonekana, na draiva ipo. Mbona basi hazifanyi kazi? Mwalimu aliniambia niandike sudo dmesg, ili tusome taarifa za kiini. Humo tulikuta kwamba faili la famuwea halikupatikana. Famuwea ni maagizo ambayo draiva huyapakia ndani ya kadi yenyewe. Tuliziunganisha kompyuta hizo na mtandao kwa waya, tukaweka famuwea, tukaziwasha upya. Zote tano zikashika mtandao, wala hatukutumia hata senti moja.

Ya sita haikuitaja kadi yake kabisa. Mfumo hauwezi kuendesha kifaa usichokiona. Tuliizima, tukaifungua, tukaona kadi imeliwa na kutu. Kwa hiyo itanunuliwa kadi moja tu badala ya sita.

Tangu siku hiyo natofautisha kitu kibovu na kitu kilichopungukiwa. Kompyuta ikigoma, tuulize mambo matatu: Je, kifaa kinaonekana? Je, kina draiva? Je, draiva imepata inachohitaji? Majibu hupatikana kwa dakika chache, na huenda yakaokoa fedha ambazo mzazi amezitolea jasho. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Nami nimeona kwamba hata mashine, ikiulizwa vizuri, hujibu.