Mgeni Asiyesema

Mashine pepe niliiendea kwa woga. Kwa mtu asiyeona, dereva ya sauti ikiharibika, kompyuta nzima imezimika hata kama taa zake zinawaka. Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009, kila mtu ofisini aliisifu, nami sikuthubutu kuiweka juu ya XP yangu kabla sijajua kama NVDA, kisoma skrini changu, itasema ndani yake. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ilikuwa ya bure. NVDA nayo ni ya bure, kazi aliyoianza Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, mwaka 2006. Nikasema nitaijaribu Windows mpya ndani ya ile ya zamani, ikigoma, naifuta.

Shida ni kwamba kisoma skrini hakitazami skrini. Huziuliza programu: kitufe hiki kinaitwaje, mstari huu unasemaje? Dirisha la mashine pepe halina la kujibu, maana kilichomo ni picha tupu. Ndani yake panaweza kuwa na menyu au onyo la hatari, na NVDA ya kompyuta mwenyeji itasoma jina la dirisha kisha inyamaze. Mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, sharti awe na kisoma skrini chake mwenyewe. Ili akipate, mfumo lazima usakinishwe kwanza, na usakinishaji wa Windows siku hizo haukutoa neno.

Basi nilimwita mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili.

"Mjomba, inauliza kama unakubali."

"Inauliza kwa maneno gani?"

"Maneno mengi, Mjomba. Wewe kubali tu."

Nafuu ilikuja kwa VMware Workstation, programu nyingine ya mashine pepe. Unaipa jina, nywila na namba ya leseni mwanzoni, katika fomu ambayo kisoma skrini kinaisoma, na mengine inayamaliza yenyewe. Kazi yangu ikawa kusikiliza diski ikikwaruza hadi upigwe ule mlio wa Windows kuwaka. Hapo nabonyeza Windows na R, naandika narrator, Enter. Sauti ya Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, sikuipenda hata kidogo, ila ilinifikisha kwenye NVDA.

Sasa wakawa wasemaji wawili, wenye sauti ileile ya eSpeak inayokuja na NVDA, wakigombania kitufe kilekile cha amri, Insert. Sikujua nani anasema. eSpeak ina sauti ya Kiswahili, nikampa mgeni hiyo. Ilisoma Kiingereza kwa matamshi yetu: File ikawa fi-le, Save ikawa sa-ve, na niliizoea kiasi kwamba mwenzangu aliposema "save" sawasawa nilichelewa kumwelewa. Mwenyeji nilimlaza kwa Insert, Shift na S, amri inayoinyamazisha NVDA ndani ya programu moja tu. Ukaidi uliobaki ulikuwa wa kitufe cha Ctrl. Sisi hukibonyeza kukatiza maneno, karibu bila kufikiri. VirtualBox nayo imekifanya Ctrl cha kulia kuwa mlango wa kutokea. Ukimkatiza mgeni kwa mkono wa kulia, umeshatoka nje, na unachoandika kinamwangukia mwenyeji. Vidole vyangu vilijifunza Ctrl cha kushoto na hadi leo havijarudi kulia.

Debian, mfumo wa Linux wa watu wanaojitolea, ndiyo iliyonishangaza. Toleo la 7, la mwaka 2013, lilikuja na sauti ndani ya usakinishaji wenyewe: unasubiri menyu ya mwanzo, unabonyeza s, kisha Enter, na mashine inaanza kusema kabla hata haijawa na mfumo. Sharti pekee ni mgeni awe na kadi ya sauti katika mipangilio yake. Microsoft iliwafuata mwaka 2017, Narrator ikawa inaitika wakati wa kusakinisha Windows 10 kwa Ctrl, Windows na Enter. Kampuni tajiri kiasi kile kutanguliwa na watu wanaojitolea, mimi hilo bado linanikera.

Siku hizi mara nyingi sihitaji sauti ya mgeni kabisa. Mwaka 2015 ilitoka nyongeza ya NVDA Remote, na tangu toleo la 2025.1 kazi hiyo imo ndani ya NVDA yenyewe. Mgeni hutuma maneno kupitia mtandao, na sauti ya mwenyeji ndiyo inayoyatamka. Inanifaa sana kwenye Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Microsoft, ambako dirisha la kawaida la mgeni halitoi sauti. Nikitaka kujaribu kitu cha hatari, nahifadhi hali ya mashine ilivyo. Dereva ikifa, narudi nyuma.

Pamebaki pale mwanzo kabisa, kwenye skrini ya BIOS, ambapo bado ni kimya. Katika VMware mipangilio mingi ya namna hiyo naipitia mlango wa nyuma: imo katika faili la maandishi lenye kiishio cha vmx. Nalifungua kwa Notepad, naandika kwamba CD itangulie diski, nahifadhi, nawasha.